Kilo Saba za Kandida

Mwaka ule wa themanini na tatu, ukitaka kumponza mtu hapa Babati ulisema tu kwamba amenenepa. Basi, yatosha. Vita ya wahujumu uchumi ilikuwa imepamba moto, maduka yalikuwa na rafu tupu, na waliokuwa wameficha magunia ya sukari uvunguni waliyamwaga ziwani kwa hofu, hata ikasemwa kwamba mwaka huo viboko wa Ziwa Babati ndio pekee waliokunywa chai ya maana. Sisi wengine tulikula ugali wa yanga, ule wa unga wa njano wa msaada, tukamshukuru Mungu. Tulikonda wote. Aliyekuwa hajakonda alikuwa na kesi ya kujibu.

Na Kandida hakuwa amekonda. Loo! Kandida alikuwa mwanamke wa kuingia mlangoni kwa ubavu. Alikuwa mke wa Isidori, mtunza ghala la mazao pale Maisaka, yule aliyekuwa akipima mahindi ya wakulima kila msimu wa kununua. Unene ule aliurithi kwa bibi yake, na maziwa ya mgando ya kwao Bonga yakamalizia kazi, lakini mwenye njaa gani anataka habari za bibi ya mtu? Siku moja kwenye foleni ya sabuni, Mektilda, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alipaza sauti ili hata wa mwisho asikie: "Jamani, tunahangaika kutafuta mahindi yetu yalikokwenda, na ghala lenyewe hili hapa limesimama, limevaa khanga!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Nami nilicheka, nisijifanye mtakatifu. Kandida naye alicheka, maana ungefanyaje? Kisha akaondoka bila sabuni, akaenda kukaa jikoni kwake akalia.

Jioni alimsimulia mumewe, akitegemea atapozwa. Isidori hakumpoza. Alimtazama toka kichwani hadi miguuni kama mtu anayetazama ukuta wenye ufa.

"Mama Ema," alisema, "huo mwili utanifunga mimi."

"Sasa nifanyeje, baba Ema? Ndivyo nilivyo."

"Upungue. Mpaka msimu wa kununua ukifika, nataka mtu akikuona akuonee huruma."

Akapanga sheria siku hiyo hiyo. Matonge matano mchana, matatu jioni. Maziwa hakuna, mafuta hakuna. Kila asubuhi Kandida atembee haraka kutoka Maisaka mpaka Singe na kurudi, jembe begani, ili watu wadhani anakwenda shamba, ingawa shamba lao halikuwa upande huo. Binti yao Emerensiana, mtoto wa miaka tisa, akapewa kazi ya kuhesabu matonge ya mama yake na kumwambia baba akirudi. "Shuleni wanakufundisha hesabu bure?" alimwambia. Na kila Jumamosi alasiri, ghala likishafungwa, Kandida apande kwenye mizani ya mahindi, apimwe.

Ilikuwa mizani kubwa ya kusimamia: chini bamba la chuma la kuwekea gunia, juu mkono mrefu wenye namba, na jiwe dogo la kutelezesha juu ya mkono mpaka utulie katikati. Jumamosi ya kwanza jiwe lilitulia kwenye tisini na nne. Isidori aliisoma namba ile kwa sauti kubwa, kama vile wakulima walikuwa wamesimama pale wakisikiliza. Kandida aliona aibu hata akashindwa kushuka.

Wiki za mwanzo njaa haikumkaa tumboni, ilimkaa kichwani. Alikuwa akifua, anawaza makande. Akiwa kanisani, padri yuko kwenye Injili, yeye yuko kwenye kitunguu kinachokaangwa nyumba ya tatu. Siku moja alilamba mwiko, halafu akamwita Ema akamwambia, "Andika hilo nalo. Mwiko mmoja." Mtoto akauliza mwiko ni sawa na matonge mangapi. Wakakaa wawili wale jikoni wakijadili jambo hilo kwa dhati kabisa, mpaka wakakubaliana nusu.

Kisha, mwezi wa sita hivi, kitu kikageuka ndani yake. Kandida hakuwahi kushinda jambo lolote maishani. Mtihani wa darasa la saba ulimshinda, mama mkwe alimshinda, mimba mbili baada ya Ema zilimshinda. Sasa alikuwa anashinda njaa, adui ambaye taifa zima lilikuwa limesalimu amri kwake. Aliamka mwepesi. Alipofika Singe na jembe lake alitamani kuendelea tu. Akaanza kuwadharau wanaokula. Alipika makande mazuri, akawaita watoto wa Mektilda, akakaa mbele yao akiwatazama wanavyotafuna, akiwauliza, "Chumvi imekolea? Ongezeni, ongezeni," na yeye hagusi hata punje. Mektilda akaanza kumsifu: "Mama Ema, umekuwa msichana!" Sifa zile zilimshibisha kuliko chakula.

Ile mizani nayo akaanza kuipenda. Usinicheke, nasema kweli, aliipenda. Kila Jumamosi, kabla ya kupanda, aliifuta vumbi la mahindi kwa kitambaa kibichi, taratibu, kama akina mama wa kanisa wanavyofuta altare. Kitambaa kilikuwa na tabia ya kukwama mwisho wa mkono wa chuma, upande wa chini, ambako palikuwa na nati kubwa ya trekta iliyofungwa kwa waya.

"Hii nati ya nini, baba Ema?"

"Inazuia mkono usitetemeke. Usiiguse."

Basi hakuigusa. Aliizungushia kitambaa kwa adabu, akapanda, akasubiri kusomewa namba yake. Isidori alikuwa ameshajua utamu wa jambo hili. Alitelezesha jiwe polepole, akasimama, akakohoa, akamfinya mkewe nyama ya mkono, "Na hapa je? Hii unamwekea nani?" ndipo aseme. Themanini na tano. Sabini na tisa. Sabini na mbili. Kila namba Kandida aliondoka nayo nyumbani akiikumbatia wiki nzima.

Siku hizo mzee Yoakimu, baba yake Kandida, alikuja kutoka Bonga na kibuyu cha maziwa. Alipomwona binti yake aliweka kibuyu chini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Unaumwa, mwanangu?"

"Siumwi, baba. Nimepungua tu." Alisema kwa fahari.

Mzee alikula, Kandida akimtazama, na walipokuwa wameketi na Isidori, mzee akaeleza lililokuwa likimsumbua misimu miwili sasa. Gunia ni debe sita, kila mkulima anajua. Yeye mwenyewe alijaza debe, akatikisa, akasawazisha kwa kiganja, sita kamili. Kwa kawaida gunia hilo huvuka mia. Akifika ghalani, tisini na tano, tisini na sita. Magunia yote. "Nafikiri ni mikono yangu," alisema. "Nimezeeka, pengine debe sijazi kama zamani."

"Mahindi ya siku hizi ni mepesi, baba," Isidori alimjibu kwa heshima zote. "Mizani haidanganyi."

"Kweli, baba," Kandida akadakia, na alikuwa anasema kutoka moyoni. "Mizani haidanganyi."

Katikati ya mwezi wa saba Isidori alirudi nyumbani amenuna, akasema mkaguzi wa mizani anatoka Arusha wiki hiyo. Mkaguzi akaja siku ya Ijumaa, akapima vyuma vyake, akapiga muhuri, akaondoka. Jumamosi Kandida alikwenda ghalani moyo ukimdunda kwa furaha. Wiki ile alikuwa amekata matonge yake mwenyewe, akala manne mchana na mawili jioni, na alitarajia sabini na moja. Alifuta mizani, akapanda.

Isidori alitelezesha jiwe. Likapita sabini na moja. Likapita sabini na tano. Likatulia sabini na nane.

Isidori aliangalia ule mwisho wa mkono wa chuma. Halafu akasema, "Umekula."

"Sijala! Baba Ema, naapa kwa Bikira Maria, sijala!"

"Kilo sita kwa wiki moja hazitoki hewani."

"Muulize Ema."

Ema akaitwa. Akasema matonge yote ameyahesabu, hata hayakufika idadi. Baba yake akamtazama kwa huruma ya uongo. "Wewe unalala, mwanangu. Mama yako anaamka anakula wewe ukiwa umelala." Akamgeukia mkewe. "Au pengine hata wewe mwenyewe hujui. Tumbo kama hilo linaweza kuamka peke yake."

Mungu wangu, Kandida aliamini. Alitembea kurudi nyumbani ameshika tumbo lake kama mtu aliyemshika mwizi. Kuanzia siku hiyo kabla ya kulala alichukua kipande cha khanga, akajifunga mkono wa kulia kwenye chaga ya kitanda, na Ema ndiye aliyemfungia fundo, kisha asubuhi alilikagua kabla ya kulifungua. Ufunguo wa sanduku la unga aliuvaa Ema shingoni, pamoja na rozari. Kandida akala mara moja kwa siku, matonge matatu. Akaanza kusikia baridi jua likiwaka, akavaa sweta sokoni mchana kweupe. Nywele zikabaki kwenye chanuo. Siku zake zikakatika, na Isidori alipofikiri ni mimba akamwambia asithubutu.

Jumamosi iliyofuata Isidori hakumpima; baada ya wiki mbili ndipo akapanda tena. Sitini na nane! Kilo kumi zimeondoka. Isidori alicheka mpaka mabega yakatikisika. "Umeona sasa? Ukiacha wizi wako, unapungua." Na Kandida, aliyekuwa amejifunga kama mbuzi usiku kumi na nne, akapiga goti palepale juu ya vumbi la mahindi akamshukuru.

Msimu ukafunguliwa mwezi wa nane. Foleni ya magunia ilianzia mlangoni mwa ghala ikapinda mpaka barabarani, punda na mikokoteni, watu wamelala hapo tangu juzi. Kwa sababu ya ile vita, Melkiadi, katibu wa kata, alikuja mwenyewe kusimamia, na mgambo wawili wakisimama nyuma yake. Wakulima wakaanza kunung'unika mapema. Magunia yote yanapungua. Mzee Yoakimu alikuwa wa nne. Gunia lake likapandishwa, likasoma tisini na sita, naye, mtu mpole yule, kwa mara ya kwanza akapaza sauti: "Hapana! Debe sita nimejaza mbele ya mke wangu na majirani! Safari hii nilihesabu na mashahidi!"

Melkiadi akamgeukia Isidori. "Bwana Isidori, mbona kila mtu analalamika? Mwaka jana pia nilisikia maneno."

Wakati huohuo Kandida alikuwa anaingia na sufuria ya chakula cha mchana cha mumewe. Isidori alimwona, na uso ukamng'aa. Alikuwa amemwandaa kwa miezi minne kwa ajili ya dakika hii hii.

"Mama Ema, njoo hapa." Akamshika mkono, akauinua juu watu wauone. Sweta liliteleza mpaka kwenye kiwiko na mfupa ukaonekana. "Mheshimiwa katibu, ndugu wananchi! Mlisema mke wangu kanenepa kwa mahindi yenu. Mlimwita ghala. Haya, mtazameni! Mwizi gani wa chakula ambaye mke wake yuko hivi? Panda, mama, panda wakuone."

Gunia la Yoakimu likashushwa, binti yake akapandishwa mahali pake. Jiwe likateleza. "Sitini na moja!" Isidori alipiga kelele. "Alikuwa tisini na nne! Tunafunga mkanda kama ninyi, tena zaidi!"

Tukapiga makofi. Ndiyo, mimi pia. Mektilda alipiga kigelegele. Kandida alisimama juu ya chuma kile mbele ya watu mia mbili, na haya yote yakamwingia kama asali, kwa maana sitini na moja ilikuwa namba nzuri kuliko zote, na sasa kila mtu aliijua.

Ndipo alipomsikia baba yake. Mzee alikuwa amesimama kando ya gunia lake, ameinamisha kichwa, anaviangalia viganja vyake. "Basi ni mikono yangu," alisema taratibu. "Nisamehe, mkwe wangu."

Kandida aliitazama mikono ile. Ndiyo iliyomlea, ilijaza debe tangu yeye hajazaliwa. Kisha macho yakaenda yenyewe mwisho wa mkono wa chuma, kwenye ile nati. Akakumbuka Jumamosi ya sabini na nane. Siku ile alikuwa amefuta mizani kama kawaida, na kitambaa hakikukwama popote. Kilipita laini toka mwanzo hadi mwisho. Hapakuwa na waya. Hapakuwa na nati.

Alinyoosha mkono. Vidole vilikuwa vyembamba vya kutosha kuingia kwenye waya.

"Acha!" Isidori aliruka. "Mama Ema, acha hiyo!"

Waya ukafunguka. Nati ikadondoka juu ya bamba, ngo, na mkono wa mizani ukaruka juu.

"Nipimeni tena," Kandida alisema.

Isidori hakusogea. Melkiadi ndiye aliyekuja, akatelezesha jiwe mwenyewe, polepole, mpaka mkono ukatulia. Akasoma mara mbili kabla ya kusema. "Sitini na nane." Wakalipandisha tena gunia la Yoakimu: mia moja na tatu. Mzee akakaa chini palepale na kuanza kulia kama mtoto.

Yaliyofuata unaweza kuyabuni. Isidori alipata makofi ya wakulima kabla mgambo hawajamfikia, na walipomfikia hawakufanya haraka. Kilo saba kwa kila gunia, misimu mitatu! Siku za mwizi ni arobaini, watu walisema, na kweli akapandishwa gari jioni hiyo na hatukumwona tena mtaani. Wizi wa mahindi mimi nauelewa, wengi waliiba mwaka ule. Kitu nisichomsamehe ni ile Jumamosi. Alijua. Nati aliitoa mwenyewe kwa kumwogopa mkaguzi, akasahau kuirudisha, na alipoona sabini na nane alijua palepale ni kwa nini. Angeweza kusema lolote, hata kwamba mizani imeharibika. Akamwacha mwanamke ajifunge kitandani, akamwacha mtoto akague fundo.

Mektilda alikuwa wa kwanza kumkumbatia Kandida. "Tulijua wewe huna kosa, mama Ema! Tulijua siku zote!" Mwongo mkubwa huyo. Wote tulikuwa tunasema kilo saba, kilo saba, mji mzima ulisema kilo saba siku hiyo. Hakuna aliyemtazama Kandida usoni. Angetazama angeona midomo yake inacheza, anarudia namba moja tu, kimyakimya.

Yoakimu alimchukua binti yake na Ema, akawapeleka Bonga kwa mkokoteni. Anastasia, mama yake Kandida, alikuwa ameshapata habari kabla hawajafika. Alikuwa amesonga ugali mweupe, wa mahindi yao wenyewe, mboga imeungwa kwa samli, na bakuli la maziwa ya mgando lenye utando wa manjano juu. Akamnawisha mwanawe mikono mwenyewe.

"Kula, mwanangu," alisema Yoakimu. "Hapa hakuna mtu wa kukupima. Yamekwisha."

Kandida alikuwa na njaa, isije ikadhaniwa hakuwa nayo. Alimega tonge, akalibonyeza kwa kidole gumba, akachota mboga. Wazee wote wawili walikuwa wanamtazama kama anayefanya muujiza. Tonge likafika mdomoni, na harufu ya samli ikamtoa machozi.

Sitini na nane. Zile asubuhi zote za Singe, yale mafundo yote, na kilo saba zilikuwa zimemkalia tu muda wote, zinamcheka. Hakuwahi kuwa sitini na moja. Hata siku moja. Watu walimpigia makofi kwa namba isiyokuwa yake.

Akamgeukia binti yake. "Ema. Hili ni la ngapi?"

Mtoto alimtazama bibi yake, akatazama sahani. Hakuna aliyekuwa amemwagiza kuhesabu.

"La kwanza, mama."

Kandida alilirudisha tonge sahanini, akalibandika pale lilipomegwa, akalisawazisha vizuri kwa vidole ili lisionekane limeguswa. "Nimeshiba," alisema. Kisha akanawa, akamuuliza baba yake kwa heshima kama huku Bonga kuna mtu mwenye mizani.